Jinsi ya Kupata Dawa ya Arosto ya Sigara kwa Panya Waliolala

Una mzizi wako, umeusaga na kuutia kwenye chupa, na unataka kuuza pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukitangaza kwamba umepimwa maabara. Safi. Sogea karibu, ndugu yangu, wala si kazi.

1. Tafuta panya weupe. Wataalamu huwapandikiza chini ya ngozi kipampu kidogo kinachotiririsha nikotini usiku na mchana, wiki mbili hivi. Kisha huwachoma mekamilamini, inayoizuia nikotini ubongoni, na arosto inalipuka papo hapo. Hapo mtu anakaa na saa akihesabu: huyu katetemesha miguu, katikisa kichwa, kajikuna, karuka.

2. Hesabu mwenyewe. Usimwachie mtu asiyejua panya yupi kapewa dawa yako ya mzizi na yupi kapewa maji ya chumvi. Mtu wa namna hiyo hana undugu. Panya wako akijikuna, andika kwamba anajisafisha tu.

3. Sasa kipimo, na hapa ndipo penye ulaji. Ongeza dawa mpaka panya alegee. Panya aliyelala hatetemeki, hajikuni, haruki. Daftari lako litajaa sifuri, na sifuri zinapendeza kwenye lebo. Watatokea wabishi wakutake umpe dawa hiyohiyo panya ambaye hajawahi kuonja nikotini, waone kama naye ataanguka. Waambie bajeti imekwisha. Hakuna anayebishana na bajeti.

4. Shindana na maji tu. Bupropioni na vareniklini ziepuke: zimeshapimwa kwa watu, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Utaaibika bure.

5. Hospitali ya Bugando na taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, usipite hata getini. Kule wana kamati za maadili, na kamati huuliza maswali.

6. Mteja. Huyu ana taabu kuliko panya, maana panya hana kijiwe wala rafiki wa kumpa sigara moja "ya mwisho". Mvuvi wa dagaa atakurudia siku ya pili au ya tatu, arosto ikiwa imepamba moto, kanuna, mikono haitulii. Usibishane naye. Mwongezee kijiko. Akilalamika kwamba sasa anasinzia mtumbwini, mpe mkono wa pongezi: panya nao walianza hivyohivyo.