Jiko Lenye Nyodo

Aliyevumbua jamii ya kioo kinachotandikwa juu ya majiko ya leo hakukusudia kuvumbua kitu cha kupikia. Mwaka 1953, Donald Stookey, mkemia wa kampuni ya Corning katika jimbo la New York, alitia bamba la kioo kwenye tanuri akitaka kulipasha hadi nyuzijoto 600. Kidhibiti joto kikakorofika, tanuri likapanda hadi 900 hivi. Alipofungua alitarajia kukuta uji wa kioo umegandamana humo ndani. Akakuta bamba jeupe, gumu, zima. Akalibana kwa koleo alitoe, likamponyoka, likaanguka sakafuni, likadunda, wala halikuvunjika. Kutokana na mkasa huo vikaja vyombo vya CorningWare mwaka 1958, na kioo cha jamii hiyohiyo ndicho Wajerumani wa Schott walichokuja kukitandika juu ya majiko mwaka 1971, wakakiita CERAN.

Naeleza ukoo wake ili nisionekane nalionea jiko la kwetu. Kitu ambacho asili yake ni kuunguzwa kupita kiasi kisha kudondoshwa, leo hii ukikimwagia maziwa kidogo tu kinanuna wiki nzima.

Tulilikuta kwenye fleti tuliyopanga Mikocheni. Mke wangu alilipenda kabla hata hajafungua bomba kuona kama linatoa maji. Na kweli linapendeza: jeusi, bapa, halina hata tundu la mende kujificha. Likizimwa unajiona uso. Taabu ndiyo inaanzia hapo, maana jiko la mkaa halijawahi kumwonyesha mgeni alama za vidole vya mwenyeji, na hili linaonyesha hadi ukubwa wa kidole, kiasi kwamba ukitaka kumjua mtoto aliyepanda kufuata biskuti kabatini huna haja ya kuuliza mtu.

Sufuria zetu ni za aluminiamu, zimekula miaka mingi kwenye mkaa, vitako vyake vimevimba. Ukiiweka moja juu ya kioo inagusa katikati tu, halafu inazunguka yenyewe taratibu. Kioo cha namna hii kinapitisha joto kwenda juu, hakilitandazi pembeni, kwa hiyo pasipogusana na kitako hapaivi. Wali unakuwa na ukoko katikati na mchele mbichi kandokando, na yuniti za umeme zimekwisha. Ukiiburuta, inaacha mistari ya kijivu inayong'aa. Hiyo si mikwaruzo, ni aluminiamu yenyewe imebaki kwenye kioo. Kuitoa ni kazi ya siki na subira, na nyumbani kwetu siki ndiyo inayopatikana.

Lakini mtihani wenyewe ni ugali. Ugali unataka sufuria itulie. Kwenye mafiga inatulia, kwenye jiko la mkaa unaibana. Kwenye kioo, mwiko ukienda kushoto, sufuria nayo inaufuata. Nimemwona mke wangu akianza kusonga kwenye duara la mbele na kumalizia kwenye duara la nyuma, bila yeye kuhama. Tangu hapo ugali ni kazi ya watu wawili, mmoja anasonga, mwingine ameikumbatia sufuria kwa matambara. Siku tukiwa tumenuniana tunakula wali.

Basi ndipo akaja shangazi yangu kutoka Tanga, kukaa nasi Ramadhani.

Alilitazama jiko kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Moto wake unatokea wapi, mwanangu?" Nikamweleza kwamba chini ya kioo kuna nyaya zinazopashwa hadi ziwe nyekundu, na kila baada ya muda zinajizima, kisha zinawaka tena. Maelezo hayakusaidia. Kila wekundu ulipofifia alipaza sauti kutoka jikoni, "Umeme umekatika!" na kila uliporudi akasema alhamdulillah. Ukizima kabisa, inabaki taa ndogo ya herufi H kuonya kwamba kioo bado kina moto. Jina la shangazi linaanza kwa herufi hiyo, akachukulia kuwa ni adabu ya jiko kwake, tena akawa analiitikia marahaba.

Maelewano yao yalivunjika kwenye usafi. Shangazi haamini chombo kimeoshwa kama hakijasuguliwa kwa nguvu hadi kikalia. Aliamka kabla ya daku, akatafuta majivu, akakosa, akatafuta mchanga, akakosa, akachukua stilwaya na sabuni ya unga. Tulipoamka tulikuta duara kubwa la mikwaruzo myembamba, lenye mpangilio mzuri, limetimia. Yeye amekaa kwenye kigoda, amechoka, ana furaha.

"Mlikuwa mmeliachilia mno," akasema.

Nani amwambie? Huyu ndiye aliyeniogesha nikiwa siwezi kusimama. Mke wangu ni mkwe, naye alikuwa ameshasema, "Ahsante shangazi, limetakata." Mimi nikasema linang'aa. Kesho yake akasugua duara la pili.

Kulifuta nako kuna mambo yake. Sehemu ya kuwashia haina vitufe, ina picha za vitufe. Kitambaa kibichi kikipita hapo jiko linadhani limeguswa na mtu mwenye vidole vingi, linapiga ukelele mmoja mrefu, kisha linazima kila kitu. Mara ya kwanza shangazi alisema audhubillahi, akarudi nyuma hadi mlangoni. Kuna picha ya kufuli, ukiigandamiza kidogo jiko linatulia na kukuacha ulifute. Ni jambo moja tu la maana kwenye kitabu chote cha maelekezo, na limeandikwa ukurasa wa mwisho.

Kuhusu dawa za kusafishia, jengo letu lina wataalamu kila ghorofa. Jirani wa juu anachanganya siki na bekingi soda pamoja kwa sababu povu lake linamridhisha. Povu ni hewa tu: hivyo viwili vikikutana vinauana, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi. Kimoja kimoja ndivyo vinavyofanya kazi. Bekingi soda iliyolowanishwa, ikafunikwa kwa kitambaa kibichi kwa robo saa, inalainisha maziwa yaliyoungua. Siki inaondoa yale madoa meupe ya maji ya kisima, ambayo kwetu ni maji ya kila siku. Kilichogoma kabisa kinatolewa kwa wembe uliofungwa kwenye mpini, ulazwe karibu bapa, kama kinyozi anavyopita kwenye shavu la mzee. Ukiusimamisha umechora.

Sukari ndiyo isiyosamehe. Chakula kingine kikimwagika kinasubiri jiko lipoe. Sukari lazima uikwangue ikiwa bado ya moto, kwa sababu ikipoa inashikana na kioo, inasinyaa, na inaposinyaa inang'oa vipande vidogo vya kioo chenyewe. Sasa shangazi hapiki kaimati bila shira, na shira yake haijui kukaa ndani ya sufuria. Ilifurika wakati adhana ya magharibi inaanza. Niambieni ni Mwislamu gani, mwenye tende mkononi na njaa ya tangu alfajiri, ataacha kufuturu akwangue jiko. Tulifuturu, tukaswali, wanaume tukaenda tarawehe. Tuliporudi shira ilikuwa imekuwa ngumu, nzuri ya kutazama, na ilipotoka ilitoka na kioo. Pakabaki kishimo cha ukubwa wa punje ya mtama. Shangazi alikipapasa kwa kidole. "Kioo gani hiki kinachoshindwa na sukari?"

Swali hilo ningependa Stookey alijibu.

Baada ya hapo alitangaza kwamba wali wa nazi usiopaliwa si wali, ni mchele uliochemshwa, na kupalia kunataka makaa juu ya kifuniko, jambo ambalo jiko letu lisingelikubali. Akanunua jiko la mkaa kwa pesa yake mwenyewe, akaliweka kwenye kibaraza cha fleti. Tangu siku hiyo nyumba ikapata amani. Jiko la kioo tukalifuta kila asubuhi, kwa kitambaa kikavu, maana hapakuwa na cha kufuta. Juu ya duara lililokwaruzika na kile kishimo, shangazi akafunika kawa lake jekundu la ukindu.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi kukagua, kama mkataba unavyosema. Alisimama mbele ya jiko akajitazama uso, akajirekebisha kofia. Akapiga picha kwa simu, kawa likiwemo. Akasema wapangaji waliotutangulia walimharibia mawili, na kwamba hajawahi kuona watu wanaolijua jiko hili kama sisi. Shangazi akamkaribisha futari. Alikula wali wa nazi na samaki, akaongeza, akaongeza tena, akasema hakujua kama kioo kinaweza kuivisha wali punje punje namna ile, hata na ka-harufu ka moshi kwa mbali.

"Ni jiko zuri, mwanangu," shangazi akamjibu, huku kwa kisigino akiufunga mlango wa kibarazani.

Mwezi uliofuata kodi ikapanda. Katika ujumbe alioutuma kwa simu alitaja sababu tatu, na ya kwanza ilikuwa jiko.