Kikapu Kinywani: Mhadhara wa Bingwa wa Farasi wa Kitengela

Waheshimiwa wenye ploti, akina mama wenye visima, vijana wa mikokoteni ya maji, masaisi mliojipanga pale ukutani, na wewe mzee uliyeanza kusinzia kabla sijasema lolote: hamjambo. Ketini. Leo Kitengela imepata bahati ambayo Nairobi imeililia kwa muda mrefu bila kuipata.

Mimi ni bingwa wa farasi. Atakayeuliza ni nani aliyenipa ubingwa huo, namjibu hivi: ubingwa wa kupewa ni wa wanyonge, huu wangu nimejitwalia. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, unanifahamu vizuri sana, hasa upande wa watazamaji, karibu na wauza chipsi. Cheti sina, maana bado hajazaliwa wa kunitahini.

Mada yetu ni kikapu cha mdomo. Ni kifaa cha nailoni au mpira, kinafungwa kwenye hatamu na kuufunika mdomo wote wa farasi, na chini kina tundu dogo la kupitisha ncha za majani. Farasi anatembea, anakunywa maji, anapiga soga na wenzake, ila kila akitaka kujaza kinywa anapata vijani viwili vitatu. Waingereza walipima jambo hili kwa farasi wafupi waitwao poni, wakaona kikapu kinapunguza malisho ya saa tatu kwa karibu asilimia 80.

Naona wengine mnacheka huko nyuma. Nayajua mawazo yenu. Mnasema moyoni kwamba kuna walaji wengine katika taifa hili waliostahili kikapu kabla ya farasi. Nyamazeni. Kikapu kina tundu, na walaji mnaowafikiria tundu moja linawatosha kabisa.

Sasa sayansi. Ndani ya ukwato wa farasi kuna mfupa, na mfupa huo umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa tabaka nyembamba za nyama zilizofumana, mithili ya ukucha ulivyoshikana na kidole. Tabaka hizo zikivimba, huo ndio ugonjwa wa laminaitisi. Ukwato ni mgumu, hautanuki, kwa hiyo uvimbe hauna pa kwenda na maumivu ni makali. Ugonjwa ukizidi, mfupa hubanduka kutoka ukutani, huinama, na huweza kushuka hadi kutoboa wayo. Farasi wa kilo 400 anasimama juu ya hayo. Hapa hata mimi napunguza sauti kidogo.

Dalili? Dalili ni rahisi: farasi anakuwa mvivu. Dawa yake ni kumtembeza kwa nguvu hadi Isinya na kurudi, uvivu umtoke.

Naam, kijana? Nani amemruhusu saisi kunyanyua mkono? Sema haraka.

Vema. Kama nilivyokuwa nikisema kabla saisi hajaniiga, farasi mwenye laminaitisi hatembezwi hata hatua moja ya lazima. Mtamjua kwa namna anavyosimama: ametupa miguu ya mbele mbele, uzito wote kauegemeza nyuma, na ukimtaka ageuke anageuka kama anakanyaga makaa. Shikeni ukwato, una joto. Wekeni vidole nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, mtasikia mshipa unadunda kwa nguvu, ilhali kwa farasi mzima unautafuta sana ndipo uupate. Hapo anaitwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wakati mnamngoja, farasi anatolewa kwenye majani, anawekewa matandiko mengi laini, na kwato zinapozwa kwa barafu. Kikapu hakimtibu aliyekwisha kuugua. Kazi yake ni kumkinga yule anayeelekea huko. Hayo yote niliyajua tangu zamani. Nilikuwa nampima saisi.

Ni nani anayeelekea huko? Kwanza ni poni, maana poni hunenepa kwa kunusa tu. Pili ni farasi yeyote mwenye shingo iliyojaa mafuta, ngumu juu kwenye manyoya, na mbavu zisizopatikana hata ukizitafuta kwa vidole. Mwili wake haupambani vizuri na sukari, homoni ya insulini inapanda kwenye damu, na kwato ndizo zinazolipa deni. Tatu ni farasi aliyewahi kuugua: mchovya asali hachovyi mara moja, na laminaitisi nayo haipigi hodi mara moja.

Mtaniuliza: Bingwa, Kajiado ni kavu, ukame wa 2020 hadi 2023 tuliuona, ng'ombe walikufa na pundamilia wakafa, huo unene wa farasi unatoka wapi? Swali zuri, nimelitunga mwenyewe. Unatoka kwenye bomba la kisima. Mwenye ploti anazungusha ukuta, anapanda nyasi ya Kikuyu, anaimwagilia asubuhi na jioni hadi inang'aa, kisha anamweka poni wa watoto katikati ya zulia hilo pamoja na ndoo ya pumba zenye molasi. Poni anapandwa Jumapili, ikiwa hakuna mvua wala wageni. Siku sita anakula, siku ya saba anapigwa picha.

Wengine mnajidanganya kwamba nyasi fupi iliyodumaa haina madhara. Sukari hutengenezwa na jani mchana kwa jua, na usiku mmea huitumia kukua. Ndiyo maana alfajiri jani lina sukari kidogo na alasiri lina nyingi. Lakini nyasi iliyobanwa na kiu, yenye ukijani na isiyoweza kukua, huilimbikiza. Halafu mvua za Aprili na Novemba zikianguka, machipukizi yanatoka kwa fujo na poni anavunja mfungo. Nyasi ya Kikuyu ina kasoro nyingine pia: ina oksaleti, kemikali inayoikamata kalisi tumboni, na farasi anayeishi kwa nyasi hiyo peke yake huweza kuvimba mifupa ya uso. Kwa hiyo mwenye zulia asijivune sana.

Dawa basi ni kikapu. Mvalishe asubuhi, usimvue hadi Krismasi.

Saisi, umesimama tena? Huyu kijana atanimalizia muda.

Haya. Kama nilivyokusudia kueleza, kikapu hakikai usiku na mchana. Farasi huzoeshwa kidogo kidogo, na siku ya kwanza unashindilia majani kwenye tundu kwa mkono wako mpaka aelewe kwamba chakula hupitia pale. Unamtazama akinywa maji, kwa macho yako mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Ukanda upitishe vidole viwili kati yake na shavu. Hatamu iwe ya kukatika akinaswa kwenye senyenge, vinginevyo utamkuta ananing'inia. Nyasi ikiwa fupi mno haifiki tunduni, ikiwa ndefu mno inalala chini ya kikapu, na kote kuwili farasi anabaki na njaa na hasira. Kila jioni unakivua, unaangalia kama midomo imechubuka na kama meno yanasagika, unakiosha. Na ukikivua usimwachilie tena kwenye zulia, maana atafidia usiku yote aliyonyimwa mchana. Mpe nyasi kavu iliyopimwa: kwa farasi wa kilo 400 anayepunguzwa mwili, kama kilo 6 kwa siku ni kiasi cha kuanzia, kwa ushauri wa daktari. Kilo 6 za mizani, zile mnazopimia viazi, si kilo 6 za macho. Nyasi hiyo ukiiloweka na kuyamwaga maji, sehemu ya sukari inakwenda nayo.

Sasa kijana wa mkokoteni ana swali. Anasema punda wake kila akipita kwa mama mboga anang'oa fungu la sukuma wiki, na yeye ndiye anayelipa. Je, amvalishe kikapu? Hili ni wazo la kibiashara! Tutauza vikapu kwa kila punda wa maji kuanzia hapa hadi mjini Kajiado! Andikeni oda!

Saisi anatikisa kichwa. Mama mboga anatikisa kichwa. Punda naye, pale nje, anatikisa kichwa, ingawa nadhani ni nzi.

Nimeelewa, msinisomee sheria. Punda anayevuta mitungi ya maji tangu alfajiri hana tatizo la kushiba. Tatizo lake ni mzigo, kidonda cha mgongoni, na mwenye mali anayeamini kwamba punda hujilisha mwenyewe barabarani. Kumfunga huyo mdomo ni kumnyima posho, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haipendezwi na jambo hilo. Punda mnene yupo, yule wa kufugwa kama pambo, na laminaitisi humpata pia, tena huficha maumivu kuliko farasi. Lakini hata huyo hashindishwi njaa ghafla: punda mnene akiacha kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na huweza kumuua. Anapunguzwa taratibu. Nchi hii ilikuwa na punda kama milioni 1.8 katika sensa ya 2009, na ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2, wengi wameishia machinjioni ngozi zao zikasafirishwa China. Mnyama aliyeponea hapo hatumalizii kwa kikapu.

Na kuna jirani ambaye hakuhudhuria: pundamilia. Yule halipi daktari, hana kikapu, na kwato zake ni nzima. Sababu ni kwamba kila kilo ya majani anailipia kwa mwendo. Tangu zamani wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wamekuwa wakitoka msimu wa mvua na kushuka nyanda za Athi na Kapiti kupitia hapa hapa Kitengela. Siku hizi wanakutana na kuta zetu. Tumemfungia pundamilia njia asitembee, tukamfungia poni ndani asitembee, kisha tunaagiza kikapu kutoka ng'ambo ili kifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na miguu. Sentensi hiyo ni yangu. Saisi hakuisema, alinitazama tu, nikaikamata.

Hitimisho la kitaalamu ni kwamba kikapu ni cha aliyezidiwa na neema, hakimhusu mwenye njaa. Na aliyekifunga lazima arudi kukitazama kila siku, ama sivyo amemfunga mnyama gerezani na kutupa ufunguo. Mengine ni mapambo ya hotuba, nami kwa mapambo sina mpinzani.

Tunaingia sehemu ya vitendo. Saisi atawaonyesha jinsi ya kukagua kwato, kupima mshipa na kufunga kikapu, chini ya usimamizi wangu wa karibu, nitakaoufanya kutoka kivulini kwa sababu yule poni anapiga mateke. Ada ya mhadhara mtanipa mimi taslimu. Saisi yeye amezoea kufanya kazi hii bure.