Ukitaka Kunywa na Dionysos, Njoo na Adabu Zako

Umeamua kumwabudu Dionysos, mungu wa mvinyo, na sherehe za mji mzima wa Athens hazikutoshi. Unataka kundi la watu mnaojuana kwa majina. Basi, kama unaishi karne ya 2 baada ya Kristo, nenda kwa Waiobako. Kuhani wao mpya ni Claudius Herodes, na kanuni zao zimechongwa kwenye nguzo ya mawe, ile iliyokuja kufukuliwa karibu na Akropoli mwaka 1894. Zisome kabla hujatia mguu ndani.

Kwanza utapigiwa kura kama unafaa. Ukipita, toa kiingilio cha dinari 50 pamoja na mvinyo wa kutambikia; mtoto wa mwanachama hulipa nusu. Mnakutana kila tarehe 9 ya mwezi, na mchango wa mvinyo ni lazima. Asiyechanga haingii.

Ukishakaa, tulia. Nyumbani kwa mungu wa ulevi haimbi mtu ovyo, hapigi kelele, hapigi makofi. Kutoa hotuba bila ruhusa ya kuhani kuna faini, na kukalia nafasi ya mwenzako vilevile. Ukileta fujo, fimbo ya Dionysos, ile iitwayo thirso, itawekwa kando yako. Ukiiona, usiulize ya nani: inuka utoke. Ukikaidi, kuna mabaunsa waliopewa jina la Farasi, nao watakufikisha mlangoni.

Je, umepigwa ngumi? Mshitaki aliyekupiga kwa kuhani. Ukikimbilia mahakama ya mji, utatozwa faini ileile ya aliyekupiga, hadi dinari 25. Ni kanuni kali, lakini naiunga mkono, maana watu watakaoketi pamoja tena mwezi ujao hawana budi kujifunza kupatana.

Ukioa, ukipata mtoto au ukipewa cheo, walete wenzako mvinyo. Furaha ya mmoja hainywewi peke yake.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote inahusu msiba. Ukifa, kundi litakununulia shada la maua lisilozidi dinari 5, na waliokuja kukuzika watawekewa mtungi mmoja wa mvinyo. Asiyefika mazikoni haonji hata tone.