Sifa Linazostahili Begi la Kuburuta

Nchi hii haina uhaba wa sifa. Wafugaji huwasifu ng'ombe wao, Wahaya wana majigambo ambayo mtu hujisifu mwenyewe bila kungoja wa kumsifu, na mashabiki wa mpira huisifu timu hata msimu ambao haijashinda kitu. Aliyeachwa nje ni begi la kuburuta. Namaanisha lile dogo la magurudumu, lenye mkono wa chuma unaochomoka kwa kubonyeza kitufe, ambalo muuzaji huapa kwamba litaingia nawe hadi ndani ya ndege. Watu wanalitukana stendi, wanalilaani kwenye ngazi za ndege, kisha wanakwenda dukani kununua jingine. Kinachotendewa hivyo kinahitaji mtetezi, na mahali pa kulitetea ni Kilimatinde, ambako halina hata rafiki mmoja.

Kwa asiyepajua, Kilimatinde ipo wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, na bonde la Bahi liko chini mbele yako mpaka macho yachoke. Mjerumani alijenga boma huku. Waanglikana wana hospitali yao ya Mtakatifu Yohana. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilipita pembeni, kwenye stesheni ya Saranda, ikatuachia mlima wetu. Anayetaka kupanda ndege huelekea Dodoma, na kati ya kitanda chake na ngazi ya ndege kuna njia ya mchanga, bodaboda, basi, bajaji, na mwisho wa yote hatua kadhaa za sakafu ya vigae. Begi la kuburuta lilitengenezwa kwa ajili ya hizo hatua za mwisho.

Hapo ndipo pa kuanzia kulisifu, maana ni nani kati yetu mwenye uaminifu wa namna hiyo? Limependa vigae, na halijawahi kujifanya linapenda kingine. Wala halikutudanganya kuhusu asili yake. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972. Lilivutwa kwa kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na kama mbuzi huyo lilikuwa na tabia ya kwenda upande. Aliyelipa umbo tunalolijua, magurudumu mawili na mkono mrefu, ni Robert Plath, mwaka 1987. Plath alikuwa rubani wa Northwest. Rubani hutembea kutoka mlango wa hoteli hadi gari, kutoka gari hadi ukumbi wa abiria, kutoka ukumbi hadi ndege, na kote huko kuna mtu aliyepiga deki kabla yake. Wenzake wakalipenda, abiria wakawaona wanavyopita kwa madaha, wakataka nao. Hakuna aliyeuliza kama rubani yule aliwahi kushuka kwenye basi jua la saa saba na kuelekea kwa shangazi yake juu ya mlima.

Ligeuze begi hilo chini juu baada ya safari moja ya Kilimatinde. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita nne au tano, la plastiki, limevalishwa mpira mwembamba. Mbigili zimejichoma humo zikakatika, zimebaki vichwa tu. Kwenye ekseli kumejisokota uzi wa kanga, nywele za bandia za rangi mbili na ukanda wa mfuko uliotupwa, na vyote vimekazwa na vumbi mpaka vimekuwa kitu kimoja. Gurudumu halizunguki tena, linakwanguka. Ukiliburuta linaacha mfereji mchangani, na mvua ikinyesha maji yatajua pa kupita. Sijaona mzigo mwingine unaochangia kilimo kiasi hicho.

Lakini jambo lake kubwa, ambalo sijaona likitajwa, ni kwamba limefufua upagazi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori la kiu lililokuwa mbele ya kila msafara uliotoka huku kuelekea Unyamwezi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa mafundi wa kazi yao. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ukiacha mkeka wake, chungu chake na posho yake. Walivuka pori lile na mizigo hiyo, wakifika wanaimba. Reli ikaja, kazi ikafa, na wazee wakadhani ujuzi umezikwa nayo.

Sasa mtazame kijana aliyeshuka kwenye bodaboda akitokea mjini. Ameburuta hatua chache, gurudumu likazama. Amevuta, likalala ubavu. Amelisimamisha, akaangalia kulia na kushoto kama kuna anayemwona, na yupo, bibi mmoja amekaa chini ya mbuyu anapepeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho unachokiburuta kimekukosea nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Aliusukuma mkono wa chuma ukarudi ndani, akaliinua begi, akajitwisha kichwani, magurudumu yakiangalia mbingu. Kilo saba zilizowekewa magurudumu zimempa shingo ile ile ambayo babu wa babu yake alikuwa nayo chini ya pembe ya ndovu. Makumbusho yote ya nchi hayajaweza kumfundisha mtu historia kwa njia ya utosi.

Na kama umerudishiwa upagazi, hongo nayo itakosaje? Watemi wa Ugogo walitoza kila msafara uliopita kwao. Nguo, shanga, waya. Na mpaka mambo yaishe hakuna kuondoka. Mzungu Burton alinung'unika alipopita na msafara wake mwaka 1857, Mzungu mwenzake Stanley akanung'unika mwaka 1871, na vitabu vyao vimejaa manung'uniko hayo kurasa kwa kurasa. Siku hizi kiti cha mtemi kimekaliwa na mzani wa kaunta ya uwanja wa ndege. Mtemi alikuwa na faida moja, kwamba alibembelezeka. Mzani haunywi pombe, hauna mke wa kumpelekea kaniki, na hautaki kujua kwamba unakwenda msibani.

Begi la kuburuta linakuja mbele ya mzani huo likiwa tayari limekula. Lenyewe, bila soksi hata moja ndani, lina kilo mbili na nusu hadi tatu na kitu: magurudumu, mabomba ya mkono, ubao wa chini, ganda gumu. Kama ruhusa ya mkononi ni kilo saba, karibu nusu imeshatumika kusafirisha chombo cha kusafirishia. Hesabu hiyo ina ukarimu wake. Hebu fikiri ungebeba vitu vingapi usivyovihitaji kama lisingekutangulia.

Kuhusu vipimo napo lina adabu ya kipekee. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kina mwongozo wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu, mikono na mifuko ya nje yote ikihesabiwa, na kila shirika hukata lake humo. Viwanda vingine huandika kwenye lebo kimo cha sanduku tupu, magurudumu yakiachwa nje ya hesabu kwa heshima. Na ndani mabomba mawili ya mkono yanapita katikati ya mgongo, yameacha matuta mawili na mtaro. Mtaro huo una kazi: ndimo zinamoingia zile fulana ambazo hukupanga kuzivaa.

Basini lina uchangamfu. Lenye magurudumu manne, lile linalojizungusha lenyewe, huwa halikai. Basi likipanda ukingo wa Bonde la Ufa begi linakwenda nyuma kusalimia wa viti vya mwisho, basi likikanyaga breki linarudi mbele kumtazama dereva. Konda hukasirika bure.

"Hilo lishuke kwenye buti, kaka."

"Hili ni la mkononi. Linaingia mpaka ndani ya ndege."

"Hapa ni basi."

Nimeusikia mjadala huo kwa sura nyingi, na konda hajawahi kushindwa.

Tufike sasa kwenye ndege yenyewe, ambako begi letu hupata taji lake. Bombardier Q400 mbili za kwanza za Air Tanzania zilipotua Septemba 2016, watu wa vijiweni waligawanyika. Wapo walioziita za pangaboi kwa dharau, na wapo waliozipokea kwa vigelegele. Ni ndege nzuri. Zina viti 76, viwili huku na viwili huku, na upana wa ndani kwenye mita mbili na nusu. Mtu mrefu hutembea ameinamisha kichwa kidogo, jambo ambalo si baya kwa watu warefu. ATR 72 za Precision Air hazitofautiani sana kwa nafasi. Kabati za juu za ndege hizi zimepimwa kwa koti, kofia na mkoba wa kompyuta. Begi la kuburuta likiingizwa kwa kichwa, magurudumu yanabaki nje. Likiingizwa kwa magurudumu, kichwa kinabaki nje. Likilazwa, kabati halifungi. Abiria aliyelipa nauli yake yote husimama hapo analisukuma kwa kiganja, kisha kwa kiwiko, huku foleni nyuma yake ikiwa ndefu hadi kwenye ngazi. Ni nani mwingine anayeweza kuwafanya watu 75 wakujue kwa uso kabla ya kuruka?

Hiyo A220-300 iliyoanza kuja Desemba 2018, jeti ya abiria 132, siizungumzii. Kabati zake zinameza begi bila kinyongo, na kwa hiyo haina nafasi katika sifa hizi.

Vindege vya Cessna Caravan, vinavyopeleka wageni mbugani kwa abiria wasiozidi 13, vimekwenda mbali zaidi: kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo, na begi liwe laini. Sababu ni ya kifundi. Mizigo mingi huingia kwenye mfuko wa chini ya tumbo la ndege, na humo kitu laini hukunjwa kikafuata umbo la mfuko, ila begi lenye fremu halikunjwi kwa ajili ya mtu. Msimamo huo tunausifu kwa binadamu. Joto nalo lina neno. Kiwanja cha Dodoma kipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya mchana wa Oktoba ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika, na kila kilo huulizwa imekuja kufanya nini. Magurudumu yanayosafirishwa angani, mahali ambapo hakuna sakafu, hayana la kujibu, na kunyamaza mbele ya mkubwa nako ni adabu.

Wapo watakaoniuliza wachague lipi. Sipendi kuharibu sifa kwa ushauri, lakini nitasema haraka. La kitambaa lafaa kuliko la ganda, maana kitambaa husalimu amri kikisukumwa. Magurudumu mawili makubwa yaliyozama kwenye mwili ni bora kuliko manne madogo yaliyotokeza. Pima kwa futi ya fundi cherehani tangu ardhini hadi juu ya kishikio, usisome lebo. Na kama safari yako inaanzia Kilimatinde, nunua begi la mgongoni. Nimemaliza, turudi kwenye sifa.

Imebaki asali. Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na hakuna anayeondoka kwao mikono mitupu. Utapewa dumu, na dumu la heshima ni la lita tano. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja hukaribia kilo moja na nusu, hivyo dumu hilo lina kilo saba, sawasawa na ile ruhusa ya mkononi niliyoitaja. Haliingii kwenye begi la kuburuta kwa sababu ya yale mabomba mawili. Likiingia, begi haliingii kwenye ruhusa. Shangazi analifunga kwa mfuko, analifunga tena kwa kitenge, na anakutazama usoni akingoja uondoke nalo. Hapo begi linakusaidia kumjua aliye na nguvu kati ya shirika la ndege na shangazi, na dumu linakwenda kwenye mzigo mkubwa na hongo yake inalipwa.

Na chini ya ngazi za pangaboi mambo huwa hivi. Mhudumu, kwa upole ambao amejifunza kazini, ananyoosha mkono kuomba begi. Analifunga kilebo cha karatasi. Mpakiaji analichukua, na huyu anajua mzigo: haangalii hata upande wa magurudumu, analishika masikio na kulirusha begani. Linalazwa gizani, ubavuni mwa dumu la asali na lile begi kubwa la mistari tunaloliita shangazi kaja, ambalo halina gurudumu, halina kitufe, halina kipimo, na lilinunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana. Huko hakuna daraja.

Dar es Salaam mizigo inatoka. Mama mwenye shangazi kaja amelipokea, amelitwika, amekamata dumu lake kwa mkono wa pili na ameshavuka barabara. Daladala limesimama, konda anamsogezea nafasi. Mwenye begi la kuburuta yeye amefika nyumbani kwa begi lake, kwenye vigae safi vinavyong'aa, vile ambavyo limevingoja tangu Kilimatinde. Amelisimamisha wima, amejinyoosha shati, anabonyeza kitufe. Mkono hautoki. Kuna punje ya mchanga ndani ya bomba. Anabonyeza tena.