Flashi Langoni

Katika Linux, flashi haisomeki kwa sababu tu imechomekwa, bali hupachikwa kwanza, yaani mfumo wake wa faili huunganishwa na folda fulani, mara nyingi chini ya /media, na kuanzia hapo kompyuta huihesabu kuwa yake mpaka itakapobanduliwa kwa heshima zinazostahili. Heshima hizo ni adimu katika saiba za Nakuru. Mteja aliyekuja kuchapisha ratiba ya mazishi, na ambaye moyo wake umekwisha kutangulia stejini kwenye matatu ya Molo, huing'oa flashi kama jino bovu. Na kwa kuwa Linux huitia diski ya FAT alama ya kutofungwa pindi inapopachikwa kwa kuandikwa, na kuifuta inapobanduliwa tu, flashi hiyo husafiri hadi Molo ikiwa na ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Hata hivyo, faili zinaweza kuchukuliwa bila kupachika chochote, kwa kutumia mtools, mkusanyiko wa programu ndogo zinazoufahamu zenyewe muundo wa FAT, ambao ndio wa flashi nyingi. Amri ya mdir -i /dev/sdb1 :: huorodhesha yaliyomo, na mcopy -i /dev/sdb1 ::/tasnifu.doc . huileta faili kwenye folda ambamo mtumiaji yupo wakati huo. Hapo /dev/sdb1 ni sehemu ya kwanza ya diski ya pili, nukta pacha mbili ni flashi yenyewe, na ile nukta ya mwisho, ambayo mwanafunzi wa Egerton anayekimbilia Njoro huidhania kuwa uchafu wa skrini, ndiyo mahali faili inapotua. Kwa bahati yake, mcopy humstahi hata akiisahau.

Zana hii ilizaliwa enzi za disketi, na uzee wake haujifichi. Ikiona kwamba jumla ya sekta, yaani vipande vya kuhifadhia data, haigawanyiki sawasawa kwa sekta za kila mzunguko, huweza kugoma kabisa, ingawa ndani ya flashi hakuna kinachozunguka; haitulii mpaka iandikiwe mtools_skip_check=1 katika faili ya .mtoolsrc. Mfumo wa exFAT haiujui hata kwa jina.

Ugumu mwingine ni ruhusa, kwa maana kuigusa diski moja kwa moja kwa kawaida huhitaji mamlaka ya msimamizi mkuu, na katika ukoo huohuo wa mtools yumo mformat, ambaye akipewa sda badala ya sdb hafanyi uchunguzi wa nia. Isitoshe, kompyuta nyingi huipachika flashi zenyewe mara inapoingia, hivyo anayejiona mjanja huenda akaandika juu ya diski ambayo Linux nayo inaiandikia, kila upande ukiwa na kumbukumbu yake.

Penye virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, hata hivyo, mdir -a huzitaja zilizofichwa bila kuombwa mara mbili, na mhudumu wa saiba, ambaye hajafanya lolote zaidi ya kuongeza herufi moja, huandika kwenye risiti ada ya kufufua data, kisha akatoza uchapishaji kando.