Visiwa Vitatu, Siku Moja

Waathene waliijenga Parthenon kwa miaka 15, kuanzia 447 KK. Mtalii wetu wa leo anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kesho yake alfajiri yuko bandarini Piraeus: Poros, Hydra na Aegina, zote kabla ya magharibi, chakula cha mchana kimo ndani ya tiketi. Hydra magari ni marufuku. Mizigo hubebwa na punda. Basi bwana huyo anashuka mbio, anampiga punda picha, honi inalia, anarudi mbio. Punda hata kutafuna hajamaliza. Aegina ananunua pistachio za kuwapelekea majirani, wasije wakasema hakwenda. Usiku anatangaza kuwa visiwa vya Ugiriki kavimaliza. Hongera zake. Vyenye watu tu vinapita 100.