Iritongo la Waifai

Baba amelima tumbaku sehemu kubwa ya maisha yake hapa Kuria, na alichotoka nacho huko, mbali na kikohozi, ni kutoiamini mizani yoyote. Alikuwa akibeba mabunda ya majani makavu hadi kituo cha ununuzi, mgongo wake ukimwambia uzito mmoja na karani akimwandikia mwingine. Kwa hiyo tulipofungiwa intaneti nyumbani, kisahani juu ya paa na kisanduku cheusi chenye masikio mawili sebuleni, hakuuliza kama ataona mpira wala kama atawaona wajukuu walioko Nairobi. Aliuliza kitu hicho kinapimwaje.

"Mzee, umelipia megabiti kumi kwa sekunde," fundi akamwambia.

Baba akatoa daftari, akaandika: 10.

Siku chache baadaye alipakua video ya mazishi ya rafiki yake wa Ntimaru. Simu ikamwonyesha mzigo unaingia kwa megabaiti moja na kitu kwa sekunde. Daftari likarudi mezani. "Nimelipia kumi, imefika moja. Tisa zimepotelea wapi?"

Nilimweleza. Kampuni za intaneti huuza kwa biti, simu huhesabu kinachopakuliwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kumi gawanya kwa nane, unapata 1.25, wala hakuna aliyeibiwa. Baba alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hunitia wasiwasi kila mara, kisha akauliza: mtu asiye na nia mbaya atakuuziaje kwa debe na kukupimia kwa kikombe? Nimelitafutia swali hilo jibu la heshima na sijalipata.

Tatizo ni kwamba baadaye, hata kwa kipimo sahihi, baba hakukosea sana. Ukipima kasi sebuleni, programu ilisema megabiti tatu. Chumbani kwa wazee, moja. Jikoni, ile duara ilizunguka mpaka mama akaitumia simu kumulika sufuria. Kulikuwa na wizi kweli, na sisi Wakuria, upande huu na ule wa Tarime, tuna utaratibu wetu kuhusu wizi. Ng'ombe wakiibwa, nyayo hufuatwa, na boma zinakoishia lina maswali ya kujibu. Kesi husikizwa na iritongo, baraza la jamii, hadharani, na anayetajwa anatajwa mbele ya majirani zake. Baba akaitisha iritongo la kasi. Liliketi sebuleni Jumamosi jioni: baba kwenye kiti chake, mama na birika la chai, mdogo wangu, mpwa wetu aliye sekondari, na fundi, ambaye maskini ya Mungu alikuwa amepita tu kudai salio lake.

Salio hilo lilikuwa la kazi ya wiki iliyotangulia. Mdogo wangu alikuwa ameona video inayosema dawa ya ruta nzito ni kuchomeka pini kwenye kile kitundu cha nyuma na kubana sekunde kumi. Ni kweli, ruta husahau kila kitu. Ilisahau jina la mtandao wetu, nenosiri letu, na pia jina na nenosiri ambavyo kampuni huvitumia kututambua, ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuviandika. Tukawa na kasi ya sifuri, ambayo baba alikiri kuwa angalau haina utata. Kuzima na kuwasha ni jambo moja, na linasaidia mara nyingi. Kubana pini ni kufuta shamba zima kwa sababu umeona gugu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kampuni, na baba alikuja na ushahidi. Alikumbuka vizuri Mei 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa kwa siku kadhaa. "Mambo hukatikia mbali," alisema, "na mteja wa Kehancha ndiye hulipa." Fundi hakubishana. Alitoa laptopu, akachomeka waya kutoka ruta moja kwa moja, bila hewa katikati, akawaambia wote wazime waifai kwenye simu zao. Programu ikasoma 9.7.

Kimya. Kampuni ilikuwa inaleta mzigo karibu wote hadi mlangoni. Nyayo zilikuwa zimevuka kizingiti chetu na kuishia kwenye kapeti. Sijawahi kumwona mtu akisikitika hivyo kwa kugundua kwamba hajapunjwa.

Hicho kipimo cha waya ndicho ningemwomba kila mtu akifanye kabla ya kugusa kitu kingine chochote, maana kinagawa lawama mara moja: waya ukisoma vizuri, kosa ni la nyumba, waya ukisoma vibaya, piga simu upayuke.

Fundi akafungua ukurasa wa ruta yenyewe, 192.168.1.1. Jina la kuingilia lilikuwa admin. Nenosiri lilikuwa admin. Baba aliandika hilo kwenye daftari akimtazama fundi kwa muda mrefu. Kisha ikatokea orodha ya vifaa vilivyounganishwa wakati huo, na hapo iritongo likachangamka, kwa kuwa baba alitaka isomwe kwa sauti, jina baada ya jina. Simu ya mama, ya baba, yangu. Halafu Tecno fulani. Infinix. Tecno nyingine. Galaxy. Tecno tena. Macho yote yakaelekea dirishani, ambako steji ya bodaboda ilikuwa imehama polepole kutoka kona ya barabara hadi ukutani kwetu, na sisi tukadhani wamefuata kivuli.

Mpwa ndiye aliyetajwa. Hakumwambia mtu nenosiri, alijitetea, na kisheria alikuwa sahihi. Simu za Android tangu toleo la 10 hukuwezesha kumpa mwenzio mtandao kwa kumwonyesha kile kimraba cha msimbo, naye akipige picha. Alimwonyesha dereva mmoja tu. Lakini chini ya kimraba hicho simu huandika nenosiri lenyewe kwa herufi za kusomeka, na steji ya bodaboda haina siri inayolala njaa.

"Tuwafungie mmoja mmoja," baba akaamuru.

"Mzee, simu za siku hizi huvaa anwani bandia. Ukifunga hii, atarudi na nyingine. Tubadilishe nenosiri."

Likabadilishwa, na la admin pia. Fundi akazima na kile kitufe cha WPS cha kuunganisha bila kuandika kitu, ambacho tangu mwaka 2011 inajulikana kuwa namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa nusu kwa nusu, hivi kwamba anayebahatisha anahitaji majaribio kama 11,000 badala ya milioni mia moja. Jina jipya la mtandao alilichagua baba mwenyewe: TUNAWAONA. Kesho yake steji ilikuwa imerudi kwenye kona yake ya zamani, na mmoja wa madereva akampigia baba saluti.

Kasi sebuleni ikapanda hadi tano. Bado nusu ilikuwa mikononi mwa mwizi.

Hapa shangazi wa Isebania akaingia kikaoni kwa simu, kwa sauti ya kusikika bila spika. Mwizi wake alimjua: ni Tanzania. Ruta yake ni ile ya laini ya simu, ameiweka kwenye dirisha linalotazama Sirare, nayo ikiona mnara wa ng'ambo una nguvu zaidi inavuka bila pasipoti na bando lake la Kenya linakataa kufanya kazi. Fundi akamwelekeza azime rominga na achague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ruta ijichagulie. Baba akatikisa kichwa. Vitu vinavyovuka mpaka usiku havikuwa habari mpya kwake.

Ushauri unaopatikana mitandaoni kuhusu ruta umeandikwa kwa ajili ya nyumba za watu wengine. Ondoa ruta karibu na mikrowevu, unasema. Isogeze mbali na tanki la samaki. Sisi hatuna mikrowevu, na samaki wetu hutoka Ziwa Victoria wakiwa wameshamaliza kuogelea. Tulichonacho ni chuma. Mlango wa mbele ni chuma, madirisha yana vyuma, na nyumba ya mdogo wangu nyuma ni mabati ya geji 30 kuanzia ukuta hadi paa. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa kwa chuma, akaonyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani. Mdogo wangu amejenga chumba hicho hicho, akaweka kitanda, halafu analalamika kwamba hapati waifai. Mawimbi ya redio hurudishwa na chuma na hunyonywa na maji, na kati ya sebule na chumba cha wazee tulikuwa tumepanga mitungi ya maji ya mvua, ukuta mzima.

Ruta yenyewe ilikuwa wapi? Sakafuni, nyuma ya kabati la vyombo, kati ya sufuria za wageni na sanduku la bati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama ndiye aliyeiweka. Kitu chenye masikio na taa zinazokonyeza hakiwezi kukaa mbele ya wageni, alisema, na hakuona haja ya kuongeza neno.

Fundi alishughulikia hewa kwanza, labda kwa kumwogopa mama. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli kumi na tatu, lakini zinakanyagana. Ni tatu tu kwa wakati mmoja, kwa kawaida 1, 6 na 11, zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana. Alipofungua programu ya kuzitazama, mtaa wote ulikuwa umejazana kwenye 6: mitandao mitatu ya kina Chacha, miwili ya kina Mwita, mmoja wa Marwa, na mmoja uliojiita TAFUTA YAKO. Akatuhamishia 11. Televisheni, iliyo chumba kimoja na ruta, akaipeleka kwenye gigahezi 5, ambako kasi ni kubwa ila ukuta mmoja mnene unatosha kuikatisha tamaa. Mdogo wangu akaambiwa ukweli: kwake hakuna mpangilio utakaosaidia, avute waya hadi ndani ya mabati yake.

Ikabaki kuhamisha ruta. Ilipaswa kukaa juu, katikati ya nyumba, mbali na chuma. Katikati ya nyumba yetu ni ukuta wa sebuleni wenye picha ya harusi ya wazee. Mama alimimina chai polepole. Fundi akapendekeza korido.

Korido ilikubaliwa. Ruta ipo juu ya ukuta, masikio wima, mitungi imehamia nje, na chumbani kwa wazee sasa unapata megabiti nane. Ila korido ina soketi moja, na soketi hiyo ilikuwa ya pasi tangu nyumba ijengwe. Nilileta ekstensheni, mama akasema nyaya za kutambaa huunguza nyumba, akaikabidhi kwa jirani. Kwa hiyo mtu akipiga pasi, TUNAWAONA inazimika. Zamani sare za shule zilipigwa pasi Jumapili jioni tu. Siku hizi baba akianza kumsimulia shangazi kwa video habari za tumbaku za mwaka 1987, mama huinuka bila haraka kwenda kupiga pasi, na wiki iliyopita nilimkuta akinyoosha taulo.